Ukuta wa Kitunguu

Siku ya wazazi, Tononoka, hadubini ilikuwa moja
na foleni yake ilipita mlango wa maabara.
Babangu alikuja na kanzu iliyopigwa pasi,
lakini kuchani alikuwa na chokaa ya Kibokoni,
ile isiyotoka hata kwa ndimu.

Nilikuwa nimebandua ngozi ya kitunguu,
ile nyembamba ya ndani, ijikunjayo ukiipumulia,
nikaitandaza juu ya kioo, tone la iodini,
nikaifunika polepole, povu lisiingie.
Mwalimu Kadzo akasema: Fundi Lali, inama.
Funga jicho moja.

Akainama. Akanyamaza.
Nyuma yake wazazi wakaanza kukohoa kwa adabu.

Kisha, jicho lingali chini:
"Ni nani alojenga hapa?"

Hakuna aliyecheka. Hakuwa akifanya mzaha.
"Jointi hazifuatani," akasema. "Kila jiwe limelalia mawili.
Huyu hakuvuta uzi, hakuangusha timazi,
na ukuta wake haukufanya tumbo."
Kidole chake kilikuwa kikipapasa meza
kama kinachotafuta mwiko.

Hizo ni seli, baba, nikamwambia.
Akainua kichwa. Seli, kwa babangu,
ni kule walikomlaza ami Shekuwe siku tatu
kwa kesi ya mbao zisizo zake.
"Kafungwa nani humo?"
Nikamwonyesha kitone cha kahawia, kimejibanza pembeni.
Kiini. Huyo hakufungwa, baba, huyo ndiye mwenye nyumba.
Ana ramani ya kitunguu kizima,
na kila chumba kina nakala yake.

"Kila chumba?"

Kila chumba.

"Mimi ramani nnayo moja,
na mwenye nyumba ameimwagia chai."

Tulirudi kwa miguu. Kibokoni, kwenye nyumba
aliyokuwa ameikwangua lipu tangu Jumatatu,
akasimama, akaweka kiganja juu ya tumbawe tupu.
Likitoka majini, akasema, ni laini, shoka laliingia.
Likikauka lakataa msumari.
Akaniita nisogee. Jiwe lilijaa vitundu,
kila kitundu na miale yake, kama nyota iliyochapwa kwa muhuri.
Humu mlikuwa na mtu, akasema.
Mdogo, hana mifupa, lakini ni mtu na chumba chake.
"Miaka thelathini na mitano najengea vyumba vya watu.
Sikupiga hodi hata kimoja."

Kidole gumba chake kilikuwa na kovu jipya, la waridi.
Mwiko ulimkata, Jumatatu hiyo hiyo;
kufikia Ijumaa palikuwa pamezibwa,
hapana jukwaa, hapana kibarua, hapana malipo ya awali.
Nilitaka kumweleza ilivyokuwa:
kwamba jiwe moja hujigawa likawa mawili,
kila moja zima, kila moja na ramani,
lakini sura hiyo hatukuwa tumeifikia,
nikaogopa kumdanganya fundi.

Usiku mama akashika kisu, kachumbari.
Baba akamzuia mkono. "Polepole. Nyumba za watu."
Mama akamtazama, akanitazama mimi,
akauliza huko shuleni tulilishwa nini.
Akakata. Macho yakamjaa
kama yanavyomjaa kwa kila kitunguu, akayafuta kwa kiwiko.

Mwaka uliofuata ndipo nilipojifunza
kwamba machozi yale hutoka mle mle,
kuta zikivunjika, vitu viwili vilivyotengwa
vikakutana, vikawa mvuke, vikapanda machoni.
Nikaenda mbio mpaka kazini kwake.
Alikuwa juu ya jukwaa, mgongo kwangu,
anaziba ufa uliokuwapo kabla sijazaliwa.
Nikamwambia yote kwa pumzi moja.

"Nilijua," akasema bila kugeuka.
"Hakuna nyumba ivunjwayo kimya.
Nipe chokaa."