Chakula cha Musti

Mezani jikoni, Aprili, na Hancock theluji bado haijaaga,
namwaga sanduku la viatu.
Risiti za mwaka mzima.
Nyingine wino umefifia, nazisoma kwa kuziinamisha kwenye taa,
nyingine zina doa, tone moja kavu
la kidole kilekile.

Insulini, miezi kumi na miwili: inaingia.
Sindano, vijiti vya kupimia, na kile kidude cha mkononi
kinacholia usiku kama mtoto wa jirani: vinaingia.
Maili za kwenda Marquette kwa daktari wa macho,
mia kwenda, mia kurudi,
kwa barabara niliyoiparua theluji miaka thelathini na mmoja:
nazo zinaingia, kila maili na senti zake.

Viatu vinaingia nusunusu.
Toa kwanza, kinasema kitabu cha kodi,
bei ya viatu vya mtu mwenye miguu yake;
kinachobaki ndicho ugonjwa.
Nikavitazama pale mlangoni, vinachuruzika maji,
nikitafuta Vilho anaishia wapi
na kisukari kinaanzia wapi.

Biskuti zisizo na sukari: hapana.
Unga wa lozi, ghali kama manukato: hapana.
Chakula ni chakula, kila mtu anakula.
Kweli. Ila si kila mtu
anayepima kiazi kwenye mizani kama sonara.

Sasa Musti.
Musti amefundwa kunusa sukari yangu inaposhuka
nami nimelala fofofo.
Chakula chake: kinaingia.
Daktari wake: anaingia.
Kuoshwa manyoya, kukatwa kucha: vinaingia.
Nikasoma mara mbili.
Nikamwita Kerttu, mpwa wangu, aliyesomea hesabu,
asome mara ya tatu.
Ni hivyo hivyo, mjomba.
Cha mbwa ni tiba, changu ni mlo.
Mwenyewe yuko chini ya meza anakoroma,
hana habari kwamba serikali inamjua kwa jina la kazi.

Simwonei kijicho.
Februari, usiku wa manane, alinibwekea usoni
mpaka nikaanguka kitandani,
nikatambaa hadi kwenye friji nikitetemeka,
nikafyonza pakiti ya juisi ya tufaha, ya watoto,
yenye mrija na picha ya dubu.
Senti themanini na tisa.
Risiti yake hii hapa.
Haiingii. Ni kinywaji.

Kerttu anajumlisha, ulimi kwenye pembe ya mdomo.
Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki
hakianzi kuhesabiwa mpaka kipite
saba na nusu katika kila mia ya pato langu.
Tukajaza. Tukapita!
Kwa dola arobaini na moja.
Nikapiga meza, Musti akazinduka.

Kisha Kerttu akanyamaza, akageuza ukurasa.
Mjomba, kuna lile punguzo la wote,
lisilouliza risiti wala maradhi.
Ni kubwa kuliko haya yote mara nyingi.
Weka alama hapa tu.

Hapa?

Hapo.

Nikaweka.
Kisanduku kidogo kuliko ukucha.
Insulini, Marquette, kucha za mbwa, dubu wa juisi,
vyote vikafunikwa na mkwaju mmoja wa kalamu.

Kerttu alikwishavaa koti aliponiuliza nizitupe?
Nikamwambia aache.
Nikazirudisha moja moja, nikaandika mwaka juu ya kifuniko.
Si kwa ajili yao.

Saa tatu usiku nikajichoma kidole.
Mia moja na nne.
Hakuna fomu inayoiuliza namba hiyo,
nikaiandika nyuma ya bahasha,
nikamwonyesha Musti.
Akainusa, akarudi kulala.