Zinki Isiyoliwa

Boti imelala Pasua, kati ya Noa isiyo na injini
na trela mbili zinazosubiri breki.
Ilipanda jana juu ya Fuso kutoka Nyumba ya Mungu,
matete yamekaukia kwenye panga za propela.
Watoto wanaipiga hodi tumboni: ndani kuna nani?
Ni mimi. Nimelala chali, tochi mdomoni.

Nati ya kwanza inasema kweli. Ya pili, kweli.
Vali ya kuingiza maji, chini kushoto, inadanganya.
Kwa juu ni shaba ya njano, imetulia kama sahani ya mgeni;
naikwangua kwa bisibisi, inatoka rangi ya ufizi.
Naigonga. Vali nzima hulia ngi.
Hii inajibu ndu,
kama mtu aliyeulizwa deni.

Bwana Msofe anachungulia.
"Lakini fundi, itazame zinki yangu!
Mwaka wa tatu huu, haijapungua hata ukucha."
Kweli. Namba za kiwandani bado zinasomeka.
Anaisifu kama mtoto aliyerudi na sare safi,
wala haulizi kama shuleni alifika.

Aikaeli anashika ncha moja ya mita kwenye zinki,
mimi ya pili kwenye vali.
Tunasubiri mlio.
Nje, mtu anachomelea geti. Mita kimya.

Basi tunaufuata waya wa kijani:
nyuma ya tangi, chini ya ubao, ubavuni mwa betri,
mpaka kwenye kiungo. Ncha imekuwa unga,
unga wa kijani, laini kama ugoro,
umeshikwa na utepe mweusi tu.
"Nani alifunga hivi?" Aikaeli anauliza.

Naujua ule mzunguko. Mara mbili kulia, moja kushoto.
Ni Desemba ile, njia ya Himo imejaa wanaorudi nyumbani,
nami nataka hela ya mbuzi kabla giza halijaingia.
Sikukwaruza shaba. Sikubana klempu.
Nilisema, itashika.

Namwambia Msofe nusu ya maneno:
zinki huwekwa ili iliwe.
Ukiikuta imenona, jua kuna mwenzake anayeliwa.
Tena maji yako ni baridi, si ya bahari;
humo zinki huvaa ganda, ikalala.
Weka magnesiamu.
Anaipapasa ile zinki, anaitia mfukoni kooni mwa suruali
kama jino.

Msasa, klempu, waya mpya mita nne.
Vali mpya. Aikaeli anashika ncha, nashika ncha.
Pii.
Anacheka peke yake, anarudia. Pii.

Jioni naandika risiti kwenye boneti ya Noa:
vali, waya, magnesiamu, klempu sita.
Kwenye mstari wa ufundi kalamu inasimama.
Msofe anainama. "Wino umeisha?"
Aikaeli ananiangalia.
Nje bado wanachomelea lile geti.