Ukoga

Nasugua matangi; Ngamiani nzima yanijua.
Naingia kwa kichwa, na brashi, na taa,
na pumzi za kuhesabu.
Utelezi ule nimeuzoea:
maji ya Zigi huingia meupe,
wiki mbili tu, ukuta umevaa joho.

Kwa hiyo Hoza wa maabara aliponionyesha
mpira wa mkojo wa baba, umepasuliwa kwa wembe,
sikuuliza ni nini.
Niliupitishia ukucha. Ukateleza.

"Wadudu," akasema, "ila si wa kutangatanga.
Hawa wamehamia. Wamejenga."

Wiki tatu za sindano:
homa inashuka Jumatatu,
Alhamisi inarudi na mizigo yake.
Dawa inabisha hodi, wa barazani wanakufa;
wa chumbani wanaambiana: laleni, msile, itapita.

Shuleni tuliimbishwa umoja ni nguvu.
Hatukuuliza nguvu ya nani.

Na utando huo huo, jamani,
ndio unaochuja maji juu ya mchanga,
ndio anaoulamba konokono mtoni akashiba.
Nikiung'oa wote duniani
tutakunywa nini?

Muuguzi Namkunda hakubishana nao.
Aliutoa mpira, akaupeleka kwenye tanuri,
hakuweka mwingine.
"Nyumba haitibiwi," alisema. "Inavunjwa."

Alfajiri baba akakojoa mwenyewe,
kidogo, kwenye kopo la maziwa,
wodi ikapiga makofi kama timu imefunga.

Nikacheka nao.
Kisha nikapitisha ulimi nyuma ya meno:
wapo.