Si na Chatu

Kwenye ghala la Chang'ombe, nyuma ya karakana ya majokofu,
kuna mizani iliyoanza kupima korosho kabla sijajua kusoma.
Akili yake aliiandika Namsifu Mbwambo,
fundi wa Usangi aliyehamia Temeke,
kwa lugha ya herufi moja, C.
Wenyewe huitamka "si",
kama mtu anayekana deni.

Mimi naandika kwa Chatu.
Lugha laini, haina papara,
inafagia takataka zake yenyewe
wala haikuulizi kikombe umekiweka wapi.

Bwana Dharamshi alisema: andika upya.
Nikafungua. Mistari elfu sita.
Unyevu wa korosho, uzito wa gunia tupu,
vumbi la Novemba, mtetemo wa malori,
vyote kavipigia hesabu,
na pembeni maelezo kwa Kipare.
Ningeandika upya ningepata uzito.
Vumbi nisingelipata.

Kabla yangu walipitisha kila kitu kwa faili.
Si anaandika, anafunga, anaondoka;
Chatu anakuja, anafungua, anasoma.
Wagomvi wa ua mmoja
wanaosalimiana kupitia mjumbe wa nyumba kumi.
Nikasema hapana. Wakae jamvi moja,
mdomo kwa sikio.

Siku ya kwanza gunia moja
lilikuwa na kilo bilioni nne na ushee.
Wapagazi walicheka mpaka Sijaona akakaa chini.
Kumbe Si alisema "hasi moja",
yaani, sioni kitu hapa,
nami sikuwa nimemwonya Chatu
kwamba kwa wenzetu namba hushuka chini ya sifuri.
Akausikia upungufu kama utajiri.

Siku ya pili majina ya wenye mali yakaota mikia.
Bi. Nantumbo wa Newala
akawa Nantumbo, nyota, mabano, nukta, makelele.
Neno la Si halijui urefu wake:
husonga tu mpaka likutane na sifuri,
hapo ndipo linyamaze.
Sifuri niliisahau.
Likapita jina, likasoma ukuta,
likasoma na ya jirani.

Ya tatu sikuipatia jina kwa siku tisa.
Programu inapima magunia hamsini, sitini,
halafu inaanguka
bila hata kuaga.
Nimebadilisha waya. Nimelaumu umeme.
Nimemlaumu marehemu.

Usiku mmoja, nyumbani Tandika,
nikanyanyua sahani ya mama mkwe.
Akaushika ukingo.
Kiswahili chake cha kuombea chumvi,
Kihaya changu hata chumvi hakifiki.
Tukabaki hivyo, yeye huku, mimi kule,
sahani katikati, na juu yake
kipande cha ndizi ambacho mimi nilikiona makombo.

Nikaiachia.

Nikarudi kwenye kompyuta, mikono ina mafuta bado.
Lile bakuli nililomwazima Si atilie uzito:
mfagiaji wa Chatu alikuwa anatazama,
haoni mtu wa kwao aliyelishika,
analiondoa.
Si anarudi na kijiko, meza tupu.
Nikaandika mstari mmoja:
shikilia, mpaka yeye aseme amemaliza.

Asubuhi, kilo themanini na moja, gramu mia mbili.
Gunia la pili. La mia. La mia tatu.
Bwana Dharamshi akauliza wiki tano nimeandika nini.
Nikamwonyesha: mistari arobaini,
hesabu ndani yake hamna.
Akaitazama kama mtu aliyeuziwa mlango
akaambiwa nyumba ilikuwepo.

Nakiete, muuza vocha wa pale getini, ni Mpare.
Nilimpelekea maelezo ya Namsifu, yale marefu kuliko yote.
Akasoma, akacheka na pua.
"Anasema: hapa pasiguswe,
nimekosea mara nne, na mke wangu amenuna."

Sijapagusa.
Sijaona naye, kila nikipita mizanini,
ananiamkia bado: shikamoo, Bilioni.