Mshiko Mmoja

Februari, tisini na tatu. Kiwanda cha karatasi
ukingoni mwa mto uliogeuka jiwe.
Chumba cha nyaya hakina hita. Mimi, Mervi,
naipasha bisibisi kwapani isiniume vidole.

Pete zetu ni mbili, za nyuzi za kioo.
Ya kwanza yazungusha kibali:
akishikaye ndiye msemaji, wengine kimya.
Ya pili yalala, kichwa mahali pa miguu,
yangoja mkasa.

Kituo chenye mshiko pacha huzikamata zote mbili.
Kikizimika, majirani huzikunja pete,
mbili zikawa moja ndefu, maneno yakapita.
Mara moja tu. Pakikatika pa pili
hatuna tena pete, tuna visiwa.

Kituo chenye mshiko mmoja huning'inia kwenye kikusanyi
kama koti kwenye msumari.
Koti likiondoka, msumari haulii.

Haya nilimweleza Taisto Ylikangas, mhasibu mkuu.
Akauliza: watu wa boila wana mishiko mingapi?
Miwili.
Basi na mimi miwili.
Nikampa. Kosa ni langu, naliandika kwanza.

Taisto huzima mashine yake saa kumi kamili jioni;
mama yake alimfunza kwamba umeme ni pesa.
Kila saa kumi pete ikajikunja,
kila saa mbili asubuhi ikajikunjua,
nami nikiona taa ya njano nasema: aa, ni Taisto.
Hivyo ndivyo mtu huzoea kidonda.

Jumanne Eila alisukuma theluji kwa tingatinga
nyuma ya ghala la magogo, akakata kebo.
Saa kumi na mbili na nusu. Taisto yuko sauna.
Upande huu boila yapandisha joto,
upande ule mashine ya tatu,
karatasi ya upana wa mita saba
yakimbia bila habari.
Ikachanika. Ikafurika sakafuni hadi magotini,
na Kalervo akaivuka kama mtu avukaye mto,
akitaja jina langu na la shetani kwa pumzi moja.

Sasa saa nane usiku. Kebo imeungwa. Nasanidi upya.
Boila: pacha. Mashine ya tatu: pacha.
Taisto: nachomoa, nahamisha. Kikusanyi, tundu la tano.
Mkono mmoja haulei mwana, ni kweli,
lakini Taisto halei mwana hapa.
Anapiga hesabu, kisha anakwenda kwao.

Asubuhi hakunisalimu. Alichungulia nyuma ya mashine yake,
akahesabu nyaya, akahesabu tena.

Saa kumi jioni nilisimama mbele ya kabati.
Tundu la tano likazima.
Ya njano haikuwaka.
Mashine ya tatu ikanguruma vilevile,
Kalervo akaendelea kutafuna mkate wake mweusi,
na kiwanda kizima hakikujua kwamba Taisto ameondoka.

Nikatoa koti langu msumarini.
Nikasikiliza kidogo kabla ya kufunga mlango.