Rangi Mbili

Mwezi wa tisa, hapa Kigwe,
vumbi linafika kwenye uji kabla ya sukari,
na mitetea inaanza kusinzia mchana.
Shingo inajipinda, kama inatafuta kitu mgongoni.
Kinyesi kijani.
Bawa linaburuzika chini
kama kanga ya mtu aliyepokea msiba njiani.

Tulisema ni upepo.
Tulisema ni jicho la yule mgeni wa Ilindi.
Tulisema yote isipokuwa jina lake, mdondo,
maana ukilitaja, Madeje anashusha bei.

Madeje hahitaji kutajiwa.
Anazima pikipiki mbali, kwenye mgunga,
anakuja kwa mguu, tenga begani,
ananusa banda.
"Elfu tatu. Kesho huyu ni bure."
Kuku wa elfu kumi na tano!
Nikampa kumi na mmoja.
Nilihesabu noti kwa mwanga wa simu
wala sikuuliza supu itachemkia wapi.
Nilijua. Stendi, alfajiri,
abiria ana dakika kumi, ana njaa,
na pilipili haina macho.

Wawili waliobaki niliwapa dawa ya watu:
kidonge cha rangi mbili, nyekundu na njano,
salio la kikohozi cha baba Nyemo.
Unakikamua kama ganda la kunde,
unga unamwagika kwenye kopo la maji.
Mmoja alikufa mdomo ukiwa bado umelowa.
Mwingine akapona, au hakuwahi kuumwa,
akataga,
nami nikatangaza kwa jirani zangu wote kwamba nimepata dawa.

Tangu hapo duka la Mbogoni halikulala.
Vidonge kimoja kimoja, bila karatasi, bila swali,
katikati ya kiberiti na chumvi.
Kuku akikohoa, rangi mbili.
Kuku akinyamaza, rangi mbili.
Na mayai tuliendelea kula.
Nyemo alipenda kiini kikiwa bado kinatembea,
akikichovya kwa kidole, anacheka.

Mwaka ule wa njaa ndogo akashikwa na tumbo.
Zahanati wakampa dawa. Haikushika.
Wakampa nyingine. Joto likakaa palepale
kama mgeni aliyeletewa kigoda.
Siku ya sita tukawa Dodoma mjini, wodini,
mtoto mwepesi kuliko khanga wake mwenyewe,
na daktari, kijana tu, hajaota ndevu vizuri,
akaniuliza:
"Mama, nyumbani mnafuga nini?"
Nikaona ananidharau.
"Kuku."
"Mnawapa nini wakiumwa?"

Sikumjibu. Nilitazama maji ya dripu,
tone,
tone.
Akasema, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyoniuma:
"Hivi vijidudu vya mwanao vimeshaisoma dawa yetu.
Vimeimaliza darasa lote."

Mbuzi wawili waliuzwa. Mtoto alirudi.
Sijui kwa nini wa kwangu alirudi.

Sasa mimi ndiye ninayebisha hodi kabla kuku hawajashuka,
chupa ya chanjo kwenye kitambaa kibichi,
tone moja jichoni, shilingi mia,
na baada ya miezi minne nabisha tena.
Sechelela hunifungulia mbwa.
Wengine husema wao kuku wao hawaumwi.
Juzi tone lilinirukia, jicho likawa jekundu siku mbili,
wakacheka: mchanjaji kachanjwa!
Nilinawa kwa sabuni, nikacheka pia.

Lakini usiku, upepo ukigeuka,
naisikia pikipiki ikizimwa kule kwenye mgunga
na naona mwanga wa simu nyumba ya tatu.
Nimewahi kwenda mara moja. Nikafika mlangoni,
nikakumbuka noti zangu, nikarudi.

Kidonge kimoja ninacho bado, kwenye kopo la vifungo.
Sikitupi jalalani, kuku wanachakura.
Sikitupi chooni, hata chooni wanafika.
Nyemo akikiona huuliza ni cha nani.
Namwambia weka chini, kanawe mikono.
Ni cha nani, mama?
Kanawe.