Uzito wa Gunia

Mhasibu Nakijwa amepanda ngazi, karatasi mkononi:
"Faili lako linasema gunia tupu ni kilo moja.
Programu inakata gramu mia sita.
Hizo mia nne anakula nani?"

Ghala letu liko nyuma ya reli, Moshi mjini.
Kahawa ya Kibosho inapanda mizani tangu alfajiri,
karani Ndekirwa anaita namba, sauti imeshakauka.
Mimi juu, na skrini, na swali moja:
thamani hii imetoka wapi?

Maana programu ikiamka haijui kitu.
Huanza na ilichozaliwa nacho,
namba alizoziandika ndani ya msimbo
mtu mwenye haraka ya kwenda kula:
gunia, kilo moja na nusu. Bei, sifuri. Lugha, Kiswahili.
Kisha hufungua faili la mipangilio, mstari kwa mstari;
faili likisema moja, ile moja na nusu hujiondokea
bila kinyongo, kama jina la utani la utotoni.
Kisha husikiliza mazingira,
maneno ambayo seva huinong'oneza kabla hakujakucha.
Na mwisho kabisa, amri ya anayeiwasha.
Asemaye mwisho ndiye asikiwaye.
(Kwetu Mwika ilikuwa kinyume:
baba alisema kwanza, na kikao kikafungwa.)

Natazama msimbo: moja na nusu. Si hii.
Natazama faili: moja. Si hii.
Amri ya kuwasha haina neno juu ya magunia.
Basi ni mazingira.
Naingia kwenye seva, napekua vyumba vya nyuma,
mpaka kwenye faili lenye nukta mbele ya jina,
lile lisilojitokeza ukiita orodha:

        # usiguse mpaka nirudi. Anaeli
        UZITO_GUNIA=0.6

Anaeli hakurudi.
Alipata kazi Dodoma katikati ya masika,
akatuachia kikombe, koti la mvua
na mstari huu.

"Futa," anasema Nakijwa. "Kilichopitishwa na bodi ni faili."
Kidole kiko juu ya kitufe.
Mstari usio na sababu ni deni lisilo na shahidi,
nami nimewahi kufuta mistari ya namna hii,
nikalala vizuri.

Sijui kwa nini nilishuka.
Ndekirwa akanitupia gunia tupu, nikaliweka juu ya mizani.
Gramu mia sita na kumi.
Lingine: mia tano na tisini.
La tatu, mia sita kamili.
"Yale mazito yaliisha mwaka juzi," akasema, hajanitazama.
"Siku hizi wanatuletea haya mepesi. Yule kijana wako
alikuja hapa akapima thelathini, moja moja,
kijasho kinamtoka. Hakuwaambia?"

Hakutuambia. Aliiambia seva.

Nakijwa amesimama mlangoni, vumbi la maganda viatuni.
Anageuza karatasi, anapiga hesabu upande wa pili:
mia nne, mara magunia elfu tisa.
Kilo elfu tatu na mia sita.
Hesabu ni ile ile aliyokuja nayo,
ila sasa mwizi angekuwa sisi.
Hasemi kitu. Anaikunja mara nne.

Naandika 0.6 ndani ya faili, mahali pa kuonekana,
na pembeni: magunia yalipimwa, thelathini, na Anaeli;
matatu, na mimi. Tarehe.
Ule mstari wa gizani naufuta. Nawasha upya.
Programu inaamka, haijui kitu,
inauliza mmoja mmoja, inafika kwenye sifuri nukta sita,
na chini Ndekirwa anaita namba inayofuata.

Moja na nusu bado imo ndani ya msimbo, chini ya yote,
inasubiri siku ambayo kila chanzo kitanyamaza.
Sijui aliyeiandika aliipata wapi.
Labda liliwahi kuwapo gunia la hivyo.
Sijaigusa.